Sekunde Nne

Nilitumwa Lehtoniemi mwezi wa Januari
kung'oa ubongo wa kiwanda cha mbao na kuweka mwingine.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Magogo ya msonobari yaligongana uani kama vigae,
na ndani ya kabati la umeme, nyuma ya vumbi la msumeno,
kidhibiti kikuukuu kiliwasha na kuzima taa yake ya kijani
kama mtu anayeitikia simu asiyoisikia vizuri.

Programu yake ilichorwa kwa mtindo wa ngazi:
nguzo mbili, vipago katikati.
Nilipanda kipago kwa kipago usiku kucha.
Kama gogo limefika, na kama msumeno unazunguka,
na kama mlango umefungwa,
na kama hakuna aliyebonyeza kitufe chekundu,
basi sukuma.
Lugha isiyo na labda. Niliipenda kwa hilo.

Kisha kipago cha mia mbili na kumi na nne:
kipima muda.
Gogo limefika, kila kitu ki tayari,
na mashine inasimama tu, sekunde nne.
Pembeni, kwa herufi kubwa: USIGUSE.
Chini yake V, na mwaka, 1987.

Nilipima breki, mota, shinikizo la mafuta.
Nilisoma michoro iliyotoboka kwenye mikunjo.
Hakuna kilichohitaji sekunde nne.
Jarkko, meneja wa zamu, alipiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli:
magogo mia tisa, mara nne.
"Saa nzima," akasema. "Kila zamu tunamlipa nani saa nzima?"

Nikafuta.
Mkanda ukaenda kama maji yaliyozibuliwa
na watu wakanipigia makofi wakiwa na glavu,
makofi yasiyo na sauti.

Aune hakupiga.
Yeye hupanga madaraja ya mbao; miaka thelathini na tano
ameyatazama mafundo yakipita.
Wakati wa kahawa aliniambia, akimenya yai:
"Hizo zilikuwa za Reijo."

Gogo lilimwangukia Reijo gotini.
Alirudi kazini na mguu usiokunjika,
na kila gogo lilipofika alivuka daraja la chuma
mbele ya msumeno, fimbo ya kupimia mkononi,
maana sensa hazikuwepo; sensa ilikuwa jicho lake.
Voitto, fundi wa umeme, hakwenda ofisini kumwombea.
Hakuandika barua.
Aliandika kipago.

"Reijo alidhani mguu umepona," Aune akasema.
"Alijisifu mpaka tukachoka."

Amezikwa miaka kumi na mmoja sasa,
na mchana na usiku, gogo baada ya gogo,
mashine ilikuwa bado inampisha.

Sikuzirudisha zile sekunde.
Ningesema nilizirudisha ningekuwa mwongo.
Mbao zina bei, Jarkko ana mkataba,
na daraja lile limefungwa kwa uzio.
Ila katika programu mpya kipago nimekiacha,
muda wake sifuri,
na pembeni nimeandika: Reijo alipita hapa.
USIGUSE. Kisha I, ya Inkeri, na mwaka.

Usiku wa mwisho, mkanda ukiwa umezimwa kwa usafi,
niliruka uzio.
Nikakaza goti la kulia lisikunjike
nikavuka, nikihesabu kwa sauti.

Moja.
Nilikuwa nimedhani Voitto alikisia,
namba tu, kama tunavyoweka namba.
Mbili.
Hakukisia. Alisimama mahali fulani hapa,
saa mkononi, akijifanya anakagua kebo,
akimtazama mwenzake akivuka.
Tatu.

Kwenye nne kiganja changu kiligusa reli ya ng'ambo.
Rangi ilikuwa imelika pale pale,
ukubwa wa kiganja.